Ushauri: nichagueje vitabu vya kusoma mwaka ujao?

mwanakurasa: Habari wakuu. Mwaka ujao nataka kumaliza vitabu 52, kila wiki kimoja. Muda wangu ni nusu saa usiku, siku tano kwa wiki. Napenda riwaya, ila nataka kuchanganya na historia na uchumi. Nina orodha ya vitabu 40 nilivyookota mitandaoni. Nichuje kwa kigezo gani?

Mzee wa Rafu: Mkuu, hesabu kurasa kabla ya vitabu. Riwaya nyepesi, nusu saa inakupa kurasa 20 hivi. Kwa wiki ni kurasa 100, kwa mwaka 5,200. Hivyo ni vitabu 20 vya kurasa 250, basi. Ukitaka 52 unahitaji kurasa 13,000, yaani saa moja na robo kila usiku wa kusoma. La sivyo utaanza kuokoteza vijitabu vya kurasa 90 ili namba itimie, na orodha nzima itaharibika.

Kasi yako ipime mwenyewe: soma dakika 10 ukitazama saa, kurasa za katikati ya kitabu. Za mwanzo hudanganya, maana bado unazoea majina ya wahusika.

bintikalamu: Naongezea: historia na uchumi huenda kwa nusu ya kasi hiyo. Kitabu cha kurasa 400 kitakula usiku 40, wiki nane nzima. Kwa hiyo kitabu kizito kihesabu mara mbili. Miezi mitatu una kurasa 1,300. Kizito kimoja kinachukua 800, zinabaki 500 za riwaya mbili. Ndiyo robo mwaka yako hiyo. Panga robo moja tu. Ya pili ipange ukifika, kwa sababu kitabu cha kwanza mara nyingi ndicho kinachokuonyesha cha kufuata.

mwanakurasa: Duh, kutoka 52 hadi 12! Na vile 40 navichujaje?

Mzee wa Rafu: Vya maarifa, soma yaliyomo na utangulizi, kisha nenda nyuma kwenye faharasa, ile orodha ya mada na kurasa zinapotajwa. Kama unatafuta mfumuko wa bei na faharasa inautaja kurasa mbili tu, kiweke kando hata kiwe kimesifiwa vipi. Halafu geuza ukurasa wa jina la kitabu, uone mwaka wa toleo la kwanza. Chapa mpya huweza kubeba maandishi ya miaka 30 iliyopita, na takwimu za uchumi huchacha haraka. Kama ni tafsiri, hapohapo angalia jina la mfasiri na kama kimeandikwa "kimefupishwa". Watu wengi hununua muhtasari bila kujua.

Riwaya haina faharasa, kwa hiyo fungua katikati usome kurasa mbili. Mazungumzo yakiwa makavu hapo, usitegemee yatalainika mbele.

bintikalamu: Na usisome riwaya mbili kwa pamoja, wahusika watachanganyika. Riwaya moja na kizito kimoja vinakaa vizuri: kizito usiku ambao kichwa bado kina nguvu, riwaya ukiwa umechoka. Tamthilia imalize kwa mikao miwili, ukiikatakata utasahau nani yuko jukwaani. Diwani ya mashairi usiiweke kwenye hesabu ya kurasa kabisa. Shairi moja au mawili kabla ya kulala yanatosha.

mwanakurasa: Kitabu kikinishinda katikati?

Mzee wa Rafu: Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni nzuri: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kurasa zinazobaki ndizo za kukijaribu; mwenye 70 anasoma 30 tu. Mimi naikubali kwa riwaya. Kwa kitabu cha historia naona si haki, kwa sababu sura za kwanza huwa ni za kuweka msingi. Ruka hadi sura iliyokufanya ukitafute, isome yote, ndipo uamue.

bintikalamu: Na ukikiacha, andika ukurasa ulipoishia na sababu kwa sentensi moja. Vitatu vikiachwa kwa sababu ileile, futa vya aina hiyo kwenye ile orodha yako.