Naomba ushauri: KeyError inamchanganya karani wangu

Wakuu, nipo Kigoma. Nimeandika programu ya Python ya kurekodi dagaa mwaloni Kibirizi. Karani akikosea jina la boti, skrini inamtapikia mistari kibao, mwisho KeyError: 'boti7' (kosa la Python la kutafuta jina lisilokuwepo kwenye orodha). Jana kanipigia alfajiri akidhani kompyuta imeingia virusi!

Nimeunda kosa langu, BotiHaijasajiliwa. Nikilirusha kwa from None (yaani kuficha kosa la asili), ujumbe unatoka safi ila chanzo hakionekani. Nikiweka from e (kuliambatanisha kosa la asili), matapishi yanarudi yote. Nawaza nibaki na from e, nilidake kule juu kabisa: karani aone sentensi moja, mengine yaende kwenye faili la logi. Sawa?

Halafu, kosa langu lirithi KeyError (liwe aina yake) ili except za zamani, yaani sehemu zinazodaka KeyError, zisivunjike? Nimejaribu, ujumbe unatoka na alama za nukuu, inakera.