Naomba ushauri: mdogo wangu amebebeshwa asilimia 40 ya lawama, je, tukate rufaa?

Kaka_wa_Kilifi:
Ndugu zangu, salamu. Mdogo wangu alikuwa abiria wa bodaboda katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi pale lori lilipohama upande wake na kuwagonga. Alivunjika muundi wa mguu wa kulia, akatiwa chuma, na mpaka leo akipanda ngazi hutanguliza mguu wa kushoto kisha akauvuta ule mwingine. Siku 12 zilizopita hakimu alitoa hukumu: fidia ya maumivu shilingi 350,000, gharama za matibabu 42,000 kati ya 186,000 tulizodai, kisha akakata asilimia 40 kwa kuwa kijana hakuvaa helmeti. Zimebaki 235,200. Kampuni ya bima imekwisha kutuletea karatasi tutie saini ilipe upesi. Mama anataka tupokee, lakini mimi moyo wangu unakataa.

Karani_Mstaafu:
Pole sana, ndugu yangu. Kwanza hesabu siku. Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya kinatoa siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, kwa hiyo mnazo 18. Muda ambao mahakama inathibitisha kuwa ulihitajika kuandaa nakala ya amri ya hukumu huondolewa katika hesabu hiyo, lakini nimeona watu wengi wakiutegemea na kuumia. Andikeni leo barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, mlipie, mtunze risiti. Karatasi ya bima isomwe na wakili wenu kabla ya kalamu kuigusa, kwa sababu ikisema malipo hayo ni kamili na ya mwisho, mtakuwa mmeifunga rufaa kwa mkono wenu.

Wakili_Pwani:
Rufaa haiendi kumwambia jaji kwamba pesa ni chache. Kwa mujibu wa kesi ya Butt dhidi ya Khan, kiasi cha fidia hakiguswi isipokuwa hakimu awe amefuata kanuni isiyo sahihi, ameuelewa ushahidi vibaya, au kiasi chenyewe kiwe kikubwa au kidogo kupita kadiri. Kwa hiyo wakili wenu atafute hukumu za watu waliovunjika kama yeye, azingatie na miaka zilipotolewa, maana shilingi ya zamani si ya leo.

Nguvu yenu naiona kwenye lawama. Helmeti hulinda kichwa. Aliyevunjika muundi angevunjika hata akiwa nayo. Kutoivaa ni kosa barabarani, lakini ili kosa hilo lipunguze fidia ni lazima liwe limechangia ajali au jeraha, na abiria hakushika usukani. Lakini je, kwenye pikipiki walipakiana wangapi, isije ikasemwa walijazana? Jaji wa rufaa ya kwanza hupima ushahidi wote upya, na swali hilo atalikuta.

Dada_Mtwapa:
Kaka, uliza pia kuhusu risiti za matibabu. Katika kesi yetu, zetu zilibaki ndani ya mkebe nyumbani, na jaji akakataa kuzipokea, kwa kuwa ushahidi mpya huruhusiwa tu kama usingeweza kupatikana mapema kwa juhudi ya kawaida. Tena mjue kwamba upande wa pili nao unaweza kuleta rufaa yake ndani ya yenu, ukiomba asilimia 40 ipande, na mkishindwa mnaweza kulipishwa gharama za kesi.

Kaka_wa_Kilifi:
Mungu awalipe. Nimepitia faili na wakili leo mchana: risiti za upasuaji zilitiwa alama tu, hakuna shahidi aliyeitwa kuzitoa, hivyo hazikupokewa kuwa vielelezo. Hoja hiyo tumeiacha kwa uchungu. Kwenye pikipiki walikuwa wawili tu, dereva na yeye, na hilo limeandikwa katika ushahidi wa askari. Tunakata rufaa juu ya lawama na fidia ya maumivu. Hati ya rufaa inawasilishwa keshokutwa. Mama ameirudisha karatasi ya bima bila saini.