Mnasema vijana tukizidiwa na mawazo tutafute msaada, haya nimetafuta, uko wapi huo msaada???

Wakuu samahanini, naandika nina hasira kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Nina mdogo wangu ana miaka 19, kamaliza form six mwaka jana matokeo hayakukaa vizuri, toka hapo mtu kabadilika, halali, hali, haogi, simu kazima, washkaji zake wakija anasema waambieni sipo. Mama kaanza na maombi, mjomba anasema karogwa tumpeleke kwa waganga Bagamoyo, mzee yeye anasema ni uvivu na bangi. Dogo hata sigara hajawahi kushika.

Mi nikasema hapana, twende hospitali. Zahanati wakapima malaria, hamna, wakapima UTI, ipo (siku hizi nani hana UTI jamani), tukapewa dawa tukarudi home. Dogo kimya vilevile.

Tukaenda kituo cha afya, kuna mlango umeandikwa HUDUMA RAFIKI KWA VIJANA, nikafurahi kweli, kumbe ndani wamejaza maboksi ya vyandarua. Nesi ananiambia hiyo ilikuwa ya mradi, mradi umeisha, na hata ulipokuwepo ilikuwa ni uzazi wa mpango na kupima ngoma (UKIMWI) tu. Tukaandikiwa rufaa. Huko tulikopelekwa kliniki ya akili ni Jumanne tu, daktari mmoja, benchi moja, wazee wenye mafaili ya miaka kumi na watoto wa kifafa wote humohumo. Dogo kasoma kibao mlangoni "WAGONJWA WA AKILI" kageuza, nimemkimbilia mpaka stendi ya daladala hataki hata kuniangalia.

Wiki mbili baadae akajaribu kujitoa uhai. Alifanyaje sisemi, yupo hai Alhamdulillah. Ila ninachotaka msikie ni hiki: tumemfikisha na bajaji usiku, mama analia, neno la kwanza mapokezi ni "PF3 iko wapi?", yaani ile fomu ya polisi ya kutibiwa. Shemeji kakimbia kituoni, askari anamuuliza "mtuhumiwa yuko wapi?" MTUHUMIWA! Mtoto amelala kwenye machela hajui hata yuko wapi. Nikaja kusoma baadae kumbe askari hakukosea, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Wenzetu Kenya Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilishasema kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Sisi tumekaa nacho, halafu tunashangaa familia zikifika hospitali zinadanganya "aliteleza bafuni".

Na kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mtu anavaa fulana mpya, anapewa maiki, "vijana msikae kimya, ongeeni". Aongee na nani? 116 ni namba ya simu ya msaada kwa watoto, dogo ana 19. Konsela wa private niliyempata saa moja tu anataka hela ya chakula cha wiki nzima nyumbani. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na mtaani kwetu Mirembe ni tusi, ukimtajia mtu anakurushia ngumi.

Msiniambie hela hakuna. Zimbabwe, na uchumi wao ule, toka 2006 kule Harare wanaweka mabenchi nje ya zahanati, wanawafundisha bibi wa mtaani wanakaa na mtu wanamsikiliza. Bibi na benchi! Kwani Mbagala tumeishiwa bibi? Au mafundi seremala wamehama?

Na wale wa "vijana wa siku hizi laini" mnipite mbali kwenye huu uzi, leo sina adabu.

Kama kuna mtu anajua sehemu Dar kijana anaonwa bila kupangwa benchi moja na kila mtu, na siyo bei ya harusi, aje PM. Jumanne tunarudi tena kliniki, dogo kakubali, kaniomba kitu kimoja tu, bajaji isipite njia ya kituoni.