Manukato ya M7 ya kwanza ya Yves Saint Laurent (YSL): nikague nini kabla ya kulipa?

Mtafuta_M7
Wakuu, salaam. Kuna M7 ya ml 100 naiona mtandaoni, muuzaji yuko Ulaya, imeshatumika kidogo na mwaka wake hautajwi. Naitaka ile iliyotoka 2002, si ile ya baadaye iitwayo Oud Absolu. Picha za boksi na chupa ninazo. Nianzie wapi?

Pua_Kali
Anzia kwenye boksi, mkuu, upande wa viambato. Machi 2005 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kutaka viambato 26 vinavyoweza kuleta mzio viandikwe kwa majina. Ukikuta maneno matatu manne tu, parfum na aqua yakiwamo, kwa kawaida hilo ni boksi la kabla ya hapo. Ukikuta msururu wa linalool, limonene na coumarin, ni la baadaye. Alama ya kikopo kilicho wazi chenye 36M, yaani miezi 36 ya kutumika baada ya kufunguliwa, nayo ilianza na sheria hiyohiyo.

Baadaye si lazima iwe mbaya, lakini bei ishuke. L'Oréal walinunua kitengo cha manukato cha YSL 2008, na 2011 wakatoa M7 Oud Absolu, ambayo ni mchanganyiko mwingine kabisa. Wapo pia wanaouza M7 Fresh, toleo jingine tofauti, huku neno Fresh limefichwa na kidole kwenye picha!

Omba picha ya namba ya toleo (batch code, namba ya mkupuo wa kiwandani) kwenye boksi na chini ya chupa. Zikipishana, boksi si la chupa hiyo. Tovuti za kusoma namba hizo usiziamini peke yake, kwa sababu namba hujirudia baada ya miaka na chupa ya zamani huweza kusomeka kama mpya.

Bi_Chetezo
Boksi halinusiki, jamani. Muulize chupa ilikaa wapi. Iliyokaa dirishani au bafuni imeshakwisha hata ikiwa imejaa. Kinachotangulia kuharibika ni harufu za juu, zile zinazonukia kwanza, za bergamoti na chenza: ukipuliza unapata ukali kama wa kiondoa rangi ya kucha. Usiitupe kwa hilo. Puliza mara tatu nne ili utoe maji yaliyolala ndani ya mrija, kisha puliza kwenye karatasi na usubiri dakika 20. Ukali ukiondoka, udi na kaharabu vikatokea, iko salama. Ikibaki chachu hata baada ya saa nzima, imechacha.

Muombe akuuzie ml 2 kwanza. Asiyekubali kupima, achana naye.

Mzigo_Salama
Usafiri ndio unaoua biashara hizi. Manukato ni kimiminika kinachowaka, na posta nyingi haziyapokei kwa ndege. Njia nyepesi ni msafiri: kwenye begi la kupakia chini, chupa isizidi ml 500, na vipodozi vyake vyote kwa jumla visizidi lita 2. Afunge shingo kwa utepe, aiweke ndani ya mifuko miwili, isimame katikati ya nguo.

Mtafuta_M7
Nashukuru. Ikifika, naweza kuivaa na kanzu iliyofukizwa?

Bi_Chetezo
Hapana, mwanangu, utaipoteza. M7 ni udi wa Kifaransa: mlaini, una utamu unaokaribia dawa ya kikohozi, na moshi wa chetezo utaumeza wote. Uzuri wake ndio huo, pua iliyozoea udi inautambua na bado inajiuliza. Vaa kanzu iliyofuliwa tu, puliza mara mbili, kifuani na nyuma ya shingo, kwenye ngozi. Maji ya zamani huwa yamekolea rangi na huacha doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe. Ila kwanza puliza kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku moja uone kama ngozi itawasha.

Pua_Kali
Na ukishaifungua usiihamishie kwenye chupa kubwa ya urembo. Hewa ndiyo adui. Jaza kichupa cha kioo cha ml 5 mpaka shingoni kwa matumizi ya mwezi, na kubwa irudi kwenye boksi lake, droo ya chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Mzigo_Salama
Friji je?

Pua_Kali
Inafaa, mradi ikae humo moja kwa moja. Kutoa na kurudisha kila siku ni kuichosha. Na lifunge boksi kwenye mfuko, unyevu usije ukafuta ile namba.