Mbwa wanakula shahamu kila siku, mbona ngozi zao zimekauka kama waliokosa mafuta?

Mfugaji wa Kihonda aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafuga mbwa watatu wa ulinzi hapa Morogoro, machotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 25 hivi. Tangu mwaka jana chakula chao ni ugali wa sembe unaosongwa kwa supu ya mifupa ya ng'ombe, kisha juu yake ninamwagia shahamu iliyoyeyushwa, kwa kuwa nilishauriwa kwamba mafuta ndiyo yanayong'arisha manyoya. Wanashiba, na hakuna aliyekonda. Hata hivyo, kwa miezi minne sasa manyoya yao yamekuwa makavu na magumu kama nyuzi za mkonge. Nikimpapasa jike mgongoni kinyume na manyoya yanavyolala, unadondoka unga mweupe kama pumba, na dume aliyechanwa sikio na seng'enge amemaliza wiki ya tano bila kidonda kufunga. Nimejaribu kuwapaka mafuta ya nazi. Wanang'aa siku moja, kisha hali inarudi ile ile. Je, inawezekana mbwa anayekula mafuta kila siku akawa amekosa mafuta? Niwaongezee shahamu, au kuna kingine?

Daktari wa mifugo, Arusha, alijibu:

Ndugu Mfugaji, inawezekana kabisa, na tafadhali usiwaongezee shahamu. Kwa mbwa, mafuta yana kazi zaidi ya moja. Kazi ya kwanza ni kutia nguvu mwilini, na hapo karibu kila mafuta yanafaa, kwa kuwa gramu moja hutoa takribani kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya zile zinazotokana na gramu moja ya wanga. Ndiyo sababu mbwa wako hawajakonda. Mafuta pia husaidia utumbo kufyonza vitamini A, D, E na K. Lakini kuna kazi nyingine inayohitaji mafuta ya aina maalumu, yaani asidi ya linoleiki, ambayo ni ya kundi la omega-6 na ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza wenyewe. Asidi hiyo huingia katika tabaka la juu la ngozi na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Ikipungua, ngozi hukauka na kutoa magamba, manyoya hufifia, na vidonda huchelewa kupona. Jambo hili lilianza kueleweka kupitia panya: mwaka 1929, nchini Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa, wakaona ngozi zao zikiota magamba, na mwaka uliofuata wakaonesha kwamba asidi ya linoleiki ndiyo inayowaponya.

Sasa tukipigie hesabu chakula chako. Mbwa mzima wa kilo 25 anahitaji takribani gramu 4 za asidi ya linoleiki kwa siku. Shahamu ya ng'ombe ina gramu 3 tu katika kila gramu 100, kwa hiyo ili kuzipata hizo 4 angelazimika kula zaidi ya gramu 130 za shahamu, ambazo peke yake zina karibu kilokalori 1,200, ilhali mahitaji yake ya siku nzima ni kama 1,450. Mafuta ya nazi ni maskini zaidi, kwani hayana hata gramu 3 katika 100, na kuyapaka kwa nje hakuzibi pengo hilo. Mafuta ya kawaida ya alizeti yana gramu 60 hivi, hivyo vijiko viwili vya chai vinamtosha mbwa mmoja kwa siku. Na sembe yenyewe imechangia tatizo: mafuta ya mahindi yamo katika kiini, na kiini ndicho kinachoondolewa mashineni wakati wa kukoboa. Dona ingekuacha mahali pazuri zaidi kwa upande huu, ingawa ina fitati nyingi zaidi, ambazo hushika madini ya zinki na kuyazuia yasifyonzwe, na upungufu wa zinki nao huharibu ngozi.

Nakushauri upunguze shahamu kwanza, ndipo uanze na nusu kijiko cha chai cha alizeti katika chakula kilichokwisha kupoa, ukipandisha taratibu kwa muda wa wiki mbili ili wasiharishe. Usitarajie mabadiliko wiki ijayo. Ngozi ya mbwa huchukua kama wiki tatu kujifanya upya na manyoya huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo subiri wiki nane kabla ya kuhukumu. Hata hivyo, kabla ya yote, wapeleke wakakwanguliwe ngozi na kuangaliwa kwa hadubini, maana utitiri wa upele huleta dalili zinazofanana na hizi na hautibiwi kwa mafuta.

Mfugaji wa Mwanza alijibu:

Ninakubaliana na Daktari, ila naomba niongeze neno kuhusu omega-3, kundi jingine la mafuta, kwa sababu alizeti karibu haina kabisa. Mimi huzalisha mbwa, na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha siwezi kuacha dagaa. Samaki wana mafuta ya omega-3 yaitwayo EPA na DHA, na hii DHA hujenga ubongo na macho ya watoto wa mbwa. Mbegu kama kitani zina omega-3 ya aina nyingine, ambayo mbwa huibadilisha kuwa DHA kwa kiasi kidogo mno. Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wa Marekani wanaosimamia vyakula vya mifugo, vinataka chakula cha mbwa mzima, kikipimwa bila maji yake, kiwe na mafuta yasiyopungua asilimia 5.5, lakini cha mbwa anayekua au anayenyonyesha asilimia 8.5, na hicho cha pili ndicho kinachowekewa kima cha chini cha EPA na DHA.

Tatizo ni dagaa wenyewe. Mafuta ya samaki huharibika upesi kuliko mengine, na hapa kwetu dagaa huanikwa juani, wengine juu ya mchanga mtupu. Ninapokwenda kununua huvunja dagaa mmoja na kumnusa: akiwa bado ana rangi ya fedha na harufu ya samaki, nachukua, akiwa amegeuka manjano tumboni na anakwaruza koo kwa harufu ya mafuta yaliyochacha, naacha hata kama bei ni nusu, kwa sababu mafuta yaliyochacha huteketeza vitamini E mwilini. Nyumbani huwaosha mara tatu ili mchanga utoke. Pia tafadhali, mafuta ya ini la chewa yanayouzwa dukani si sawa na mafuta ya samaki ya kawaida. Yana vitamini A na D nyingi, na ukizidisha unamdhuru mbwa.

Mkazi wa Tanga alijibu:

Kuhusu kuongeza shahamu, naomba unisikilize. Mbwa wangu alipewa na wageni mafuta ya nyama ya nguruwe yaliyobaki kwenye sherehe, sufuria nzima. Asubuhi alikuwa anatapika, miguu ya mbele ameilaza chini na kiuno amekiinua juu, hataki kuguswa tumbo. Ilikuwa kongosho limevimba. Alipona baada ya siku sita za dripu, na tangu hapo hapewi mabaki ya mafuta hata kidogo.

Mfugaji wa Kihonda alijibu:

Nawashukuru sana nyote. Jana niliwapeleka wote watatu wakakwanguliwa ngozi. Dume mdogo amekutwa na utitiri na ameanza dawa; jike na dume mwenye kidonda hawana. Shahamu nimeisimamisha, na alizeti nimenunua lita moja tu, nikaihifadhi kabatini mbali na jua. Daktari, swali moja limebaki: tuna paka ambaye hula sufuria moja na hawa mbwa. Naye vijiko hivi vitamtosha?

Daktari wa mifugo, Arusha, alijibu:

Hapana, huyo mtengee chakula chake. Mbwa huichukua asidi ya linoleiki na kutengenezea asidi ya arakidoniki, mafuta mengine ya omega-6 anayoyahitaji, lakini paka hawezi kufanya hivyo kwa kiasi cha kumtosha, na mafuta ya mimea hayana hiyo arakidoniki. Lazima aipate kwenye nyama, maini, mayai au samaki.