Naomba ushauri: waandishi wazoefu na uhakiki wa taarifa

Ndugu wanataaluma, ninasimamia chumba cha habari cha redio ya jamii wilayani, ambako waandishi wengi ni wazoefu, lakini ujumbe uliosambazwa WhatsApp husomwa kwenye taarifa ya saa saba mchana bila mtu kuuliza umetoka wapi. Juzi mmoja alitaja idadi ya Watanzania kuwa milioni 44.9, takwimu ya Sensa ya 2012, ilhali Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ripoti yake iko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Semina za siku moja hazisaidii. Posho ikishalipwa, somo nalo limekwisha. Je, kwa redio isiyo na maktaba wala bajeti, mliwezaje kuufanya uhakiki kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, hasa kwa wakongwe wanaoona wameshahitimu?