Mtoto wa kuasili kutoka China: shule ya Jumamosi, mwalimu wa mtandaoni au kambi ya kiangazi? (Ulinganisho)

Baba_Wawili
Wakuu, habari za muda huu. Usajili unafungwa Ijumaa ijayo na mimi na mke wangu bado tunavutana. Binti yetu tumemwasili kutoka China na tunataka akue anaijua asili yake. Isiwe kula tambi mara moja kwa mwaka, kupiga picha, basi. Bajeti ya mwaka ni dola 1,200, haiongezeki. Mezani kuna mambo matatu:

1. Shule ya Kichina ya Jumamosi: saa mbili, wiki 30, dola 480, vitabu mbali.
2. Mwalimu wa mtandaoni, yeye na mtoto tu: dola 18 kwa nusu saa.
3. Kambi ya utamaduni ya siku tano wakati wa kiangazi, ya familia zilizoasili tu: dola 950.

Ipi ina manufaa? Naomba wenye ujuzi, si wa kukisia.

Kungumanga
Mleta mada, umeleta bei mtoto umemwacha nyumbani. Ana umri gani? Ametoka jimbo gani? Alifika akiwa na miaka mingapi? Nyumbani mnaongea lugha gani, na nguruwe mnakula? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee_wa_Forodhani
Shule. Lugha ndiyo mzizi, mengine mapambo. Uzi ufungwe.

Mwalimu_Toni
Mzee wangu shikamoo, ila usiufunge bado. "Shule ya Kichina" si kitu kimoja. Kabla ya kulipa senti, mleta mada waulize haya:

Kwanza, wana mikondo mingapi? Shule nyingi za Jumamosi Marekani zilianzishwa na wahamiaji wa Kichina kwa ajili ya watoto wao wenyewe, watoto wanaosikia Kichina nyumbani tangu wakiwa wachanga. Huo ndio mkondo mkuu. Mkondo wa wasiosikia Kichina nyumbani upo katika baadhi ya shule tu, na mara nyingine ni darasa moja linalochanganya mtoto wa miaka sita na wa kumi na tatu.

Pili, wanafundisha herufi zipi? Shule zilizoanzishwa na watu wa Taiwan kwa kawaida hutumia herufi za jadi, na sauti huandikwa kwa alama za Zhuyin. Za watu wa China bara hutumia herufi zilizorahisishwa na Pinyin, yaani matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Nyaraka zote za mtoto wenu zitakuwa kwa herufi zilizorahisishwa. Si dhambi kujifunza za jadi, ila jueni mnachonunua, maana mkihamia mwalimu wa mtandaoni mwaka unaofuata mtaanza upya nusu ya kazi.

Tatu, kazi ya nyumbani inahitaji mzazi anayesoma Kichina? Wakijibu "kidogo tu", maana yake ndiyo.

Nyota_ya_Kusi
Hapo kwenye mikondo Mwalimu amegonga penyewe. Lipo tukio la mji ninaoishi, shule siitaji. Mvulana wa miaka minane, ameasiliwa, wazazi wake hawajui hata neno la Kichina. Siku ya usajili mtu wa mezani alimtazama usoni akamwandika mkondo mkuu. Hakuna aliyemfanyia mtihani wa kumpanga. Mwalimu alifundisha kwa Kichina mwanzo hadi mwisho, kama inavyotakiwa kwa mkondo ule. Kila wiki palikuwa na imla ya herufi kumi. Mtoto akagundua njia: anakariri umbo la herufi kama picha, kwa mpangilio uleule wa orodha ya kitabu. Alama zikawa nzuri, wazazi wakafurahi. Siku mwalimu alipochanganya mpangilio, akapata sifuri, kwa sababu hakuna herufi hata moja aliyojua inatamkwaje. Likafuata swali mbele ya darasa zima: sura yako ya Kichina, mbona huongei? Halafu ikaja kazi ya kuchora mti wa ukoo, majina ya babu na bibi wa pande zote mbili kwa Kichina. Kijana akarudisha karatasi nyeupe. Toka hapo si shule tu aliyoikataa. Alikataa vijiti vya kulia, akakataa taa za sikukuu, na jina lake la Kichina akawaambia wasiliite tena. Wazazi walilipa ada ya mwaka mzima na hairudishwi.

Kilichoharibika pale ni kupangwa vibaya na watu wazima kutoambiana. Barua ya nusu ukurasa kwa mwalimu kabla ya wiki ya kwanza ingetosha: mtoto ameasiliwa, nyumbani hatuongei Kichina, kazi za ukoo na picha za utotoni tuarifiwe mapema, na asiulizwe mbele ya wenzake kuhusu wazazi wake.

Baba_Wawili
Samahanini wakuu. Ana miaka tisa. Anatoka Guangxi, alikuja 2019 akiwa na miaka miwili. Tuko Minnesota. Nyumbani ni Kiswahili na Kiingereza. Sisi ni Waislamu, nguruwe hatuli. Faili lake tunalo, karatasi nyingi ni za Kichina, hatujazichambua.

Kungumanga
Guangxi! Sasa tuongee. Hapo ndipo watu wengi wanapotea: wanamlea mtoto na "China" ya jumla, ya joka na jiaozi (vifurushi vya unga vyenye nyama ndani), ambayo mji aliozaliwa huenda hauijui. Jiaozi za mkesha wa Mwaka Mpya ni desturi ya kaskazini. Kule Guangxi, kusini, mezani pa Mwaka Mpya utakuta zongzi, wali wa kunata uliofungwa kwenye majani na kuchemshwa. Chakula cha kila siku ni mifen, tambi za mchele. Guilin wana zao na Liuzhou wana zao za supu ya konokono, ambayo harufu yake itawagombanisha na majirani.

Lugha pia. Guilin na Liuzhou wanaongea Kimandarini cha kusini-magharibi, Wuzhou wanaongea Kikantoni, na vijiji vingi ni Kizhuang. Guangxi ni jimbo linalojitawala la kabila la Wazhuang, lakini hiyo haimfanyi binti yako Mzhuang. Kama faili halisemi, msimvishe vazi la Kizhuang mkasema "hili ni la kwenu". Semeni "hili ni la jimbo ulilozaliwa". Hapo mtakuwa mmesema kweli.

Sikukuu ya jimbo ni Sanyuesan, siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao ya mwezi. Mwaka 2027 itaangukia 9 Aprili, na Mwaka Mpya wenyewe 6 Februari. Siku hiyo hupikwa wali wa rangi tano. Namna ya kuupika Marekani, kwa rangi tatu tu zilizo rahisi: mchele wa kunata kilo moja, ugawe mafungu matatu. Njano tumia manjano ya kawaida, kijiko kidogo kwa fungu. Zambarau loweka mchele mweusi, chuja maji yake, uloweke fungu lako humo. Fungu moja liache jeupe. Loweka usiku kucha, chuja, kisha upike kwa mvuke dakika 40 hadi 50, kila rangi kwenye kitambaa chake. Usiuchemshe, utapata uji. Na basmati haishiki hata uibembeleze vipi.

Bi_Mkasi
Nyongeza kwenye faili. Kabla ya shule, kabla ya kambi, peleka karatasi zile kwa mfasiri wa kulipwa, si programu ya simu. Kwa kawaida mna cheti cha kuasili, cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa, cheti cha kutelekezwa na pasi ya Kichina. Tazameni mambo matatu: jina kwa herufi, mahali alipookotwa, na jina la kituo cha ustawi kilichomtunza.

Jina kwa herufi ni muhimu maana kwenye pasi limeandikwa kwa Pinyin isiyo na toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno), na Pinyin moja inabeba herufi nyingi. Kuna watu wamechonga muhuri wa jina kwa kubahatisha herufi kutoka mtandaoni, kumbe wamechonga jina la mtu mwingine. Mjue pia kuwa jina la ukoo mara nyingi lilitolewa na kituo, watoto wote wa mwaka ule wakapewa moja, na tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ni makadirio. Msimwambie "ukoo wako ni fulani" kwa uhakika msio nao.

Na pasi ile ya Kichina msiitupe. Siku mkitaka kwenda, ubalozi mdogo huidai kwenye ombi la kwanza la viza la mtu aliyekuwa raia wa China.

Mzee_wa_Forodhani
Mimi nashangaa hamtaji la kwetu. Malindi ilimpelekea mfalme wa China, wa nasaba ya Ming, twiga mwaka 1415. Vigae vya Kichina vimejaa Gedi na Kilwa. Redio ya China ina idhaa ya Kiswahili tangu 1961. Mfundisheni mtoto hayo, aone kuwa Mswahili na Mchina ni majirani wa bahari moja.

Bi_Mkasi
Mzee wangu, kwa heshima zote, twiga huyo ni fahari yetu sisi. Mtoto wa Guangxi akiuliza "mama aliyenizaa alikuwa anakula nini", utamjibu twiga?

Mzee_wa_Forodhani
Nitamjibu kuwa amezaliwa upande mmoja wa bahari na kulelewa na watu wa upande wa pili. Tatizo liko wapi?

Mwalimu_Toni
Vyote vina nafasi yake, jamani. Turudi kwenye pesa.

Shule: saa mbili mara wiki 30 ni saa 60 kwa mwaka. Darasa la watoto 15, kila mmoja anafungua mdomo dakika chache. Mwalimu wa mtandaoni: nusu saa mara mbili kwa wiki, wiki 30, ni saa 30 na dola 1,080, lakini karibu nusu ya muda anaongea mtoto. Kwa toni hilo ndilo linalohesabika, kwa sababu toni mbovu zikikomaa miezi sita ni kazi kuzing'oa.

Msitarajie ufasaha kwa njia yoyote kati ya hizo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwakadiria wanadiplomasia wake saa 2,200 za darasani kwa Kimandarini, yaani Kichina rasmi, na chini ya nusu ya hizo kwa Kiswahili. Kwa saa 60 za mwaka, wekeni lengo dogo linalopimika. Mtihani wa Kichina wa watoto uitwao YCT, ngazi ya kwanza ni maneno 80, ya pili 150, ya tatu 300. Mwaka wa kwanza lengeni ngazi ya kwanza.

Ushauri wangu: mwalimu wa mtandaoni mwaka huu, shule mwakani akishaweza kujitambulisha, ili asiingie uchi.

Mama_Pacha_Toronto
Nyote mnaongea lugha tu. Mtoto wa miaka tisa anayelelewa na Waafrika weusi Minnesota, akienda sokoni na mama yake watu wanauliza "huyu wa nani?" Kichina hakitamsaidia hapo. Anahitaji kuwaona watoto wengine kumi wenye hali ileile, hasa wakubwa wa miaka 17 na 20 walioasiliwa. Hiyo ni kambi.

Ila kambi nazo zichambueni. Ulizeni nani anaendesha vikao: wazazi, au watu walioasiliwa wenyewe? Omba ratiba ya siku. Ukiona asubuhi taa za karatasi, mchana feni za karatasi, jioni joka la karatasi, hiyo ni karakana ya karatasi, dola 950 zako zitunze. Ukiona kikao cha rika kisicho na wazazi, na kikao cha wazazi kuhusu ubaguzi, lipa. Uliza pia kama zipo familia za wazazi weusi. Nyingi ni za wazungu na mazungumzo yote yanaelekea huko.

Na China ilitangaza Septemba 2024 kuwa imesitisha kuasilisha watoto nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu na watoto wa kambo. Watoto wadogo hawaongezeki tena, kwa hiyo kambi zenye kundi la miaka tisa zitazidi kuwa chache. Shule ya Jumamosi itakuwepo mwaka kesho.

Mwalimu_Toni
Hiyo ya mwisho sikuifikiria. Lakini siku tano kwa dola 950, halafu wiki 51 hamna kitu?

Mama_Pacha_Toronto
Zinabaki 250. Tafuteni kama mji wenu una kikundi cha Families with Children from China, yaani familia zilizoasili watoto China. Tena Tamasha la Katikati ya Vuli mwaka huu ni 25 Septemba. Keki za mwezi mbili, chai, mwezi ukichomoza. Senti ngapi hizo?

Kungumanga
Keki za mwezi za dukani soma lebo, baadhi zina mafuta ya nguruwe. Wachina Waislamu wa Hui wana chapa yao ya halali, qingzhen, itafute kwenye pakiti.

Baba_Wawili
Asanteni sana. Mke wangu amesoma yote, anaegemea kambi. Mimi naona hoja ya Mwalimu. Shule tumeiandikia kuuliza habari ya mikondo, hawajajibu. Kungumanga, hizo zongzi zinawezekana bila nguruwe?

Kungumanga
Zinawezekana. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta, kidari, au paja la kuku, vipande vya gramu 40, ulaze usiku kucha kwenye sosi ya soya na mchanganyiko wa Kichina wa viungo vitano. Choroko zilizomenywa na kupasuliwa, zile za maduka ya Kihindi, loweka saa tatu. Majani ya mianzi yachemshe dakika 20 yalainike. Mchele, choroko, nyama, choroko, mchele, funga kwa uzi wa pamba lakini usikaze sana, mchele unavimba na utapasua jani. Zichemshe saa tatu hadi nne, maji yazifunike muda wote. Ukiongeza maji, yawe ya moto.

Nyota_ya_Kusi
Sosi ya soya iliyochachushwa si ina kilevi kidogo?

Kungumanga
Hicho kinatokea chenyewe wakati wa kuchachuka, na maulamaa wengi wanaruhusu. Cha kuogopa ni divai ya mchele ya Shaoxing inayomiminwa kwenye nyama. Hiyo iache.

Mzee_wa_Forodhani
Wengi si wote. Mimi ningetumia chumvi na ukwaju.

Bi_Mkasi
Ukwaju kwenye zongzi, Mzee? Hapo Guangxi watakurudishia twiga wako.